Charles Darwin: Kijana aliyetapika bahari tatu akafumbua fumbo la visiwa vya matumbawe

Ukitaja jina la Charles Darwin leo, wengi hukumbuka mabishano kuhusu nyani na binadamu. Wachache wanajua kwamba fumbo la kwanza kubwa lililompa jina mbele ya wasomi wa London halikuhusu wanyama wa nchi kavu hata kidogo. Lilihusu matumbawe, yale yale ambayo mvuvi wa Mafia, Tanga au Lamu huyaona kila maji yakipwa.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu. Katikati ya bahari kuu, mbali na bara lolote, kuna visiwa vidogo vya mchanga vilivyojipanga kama pete. Nje ya pete ni bahari yenye kina cha kutisha. Ndani yake ni maji tulivu, ya kijani, mafupi kiasi cha kuona chini. Wataalamu huita kisiwa cha namna hii atoli, neno lililotoka Maldivi. Nani alijenga pete hiyo, na aliisimamisha juu ya nini?

Katika makala hii tunamfuata Darwin kutoka nyumbani kwa baba yake hadi visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi, alikofika Aprili 1836.

Mtoto aliyemkatisha tamaa baba yake

Charles Robert Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake, Robert Darwin, alikuwa daktari mwenye fedha na sauti nzito ndani ya nyumba. Mama yake alifariki mwaka 1817, Charles akiwa na umri wa miaka minane, akalelewa kwa sehemu kubwa na dada zake.

Shuleni hakung'ara. Alipenda kukusanya mende na mawe, kuwinda ndege na kufuga mbwa. Baba aliona kijana anapotea, na hakuficha: alimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo ataiaibisha familia nzima.

Mwaka 1825 alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari. Wakati huo wagonjwa walipasuliwa bila dawa ya usingizi. Darwin alishuhudia upasuaji wa mtoto, akatoka mbio kabla haujaisha, na hakurudi tena katika chumba kile. Mwaka 1827 aliacha masomo hayo.

Hata hivyo Edinburgh haikumtoa mikono mitupu. Huko alifundishwa kukausha na kuhifadhi ndege na John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyewahi kuwa mtumwa na sasa akiishi huru. Walikaa pamoja saa nyingi, mwalimu akimsimulia mwanafunzi wake kuhusu misitu ya Amerika ya Kusini. Ufundi huo wa mikono ndio uliomwezesha baadaye kurudi nyumbani na maelfu ya sampuli zisizooza.

Baba akajaribu njia nyingine. Charles akapelekwa Cambridge ili awe mchungaji. Alihitimu mwaka 1831, na kilichobaki kilikuwa kutafuta parokia ya kijijini na kuishi maisha ya utulivu.

Barua iliyobadilisha mambo

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo ilifika barua. Mwalimu wake wa mimea, John Stevens Henslow, alimwarifu kwamba nahodha mmoja kijana wa jeshi la wanamaji, Robert FitzRoy, anatafuta msomi wa kufuatana naye katika safari ya kupima pwani za Amerika ya Kusini na kuzunguka dunia. Hakukuwa na mshahara. Gharama zake angezibeba mwenyewe, maana yake baba yake.

Baba akakataa. Aliona ni wazo la kipuuzi, litamharibia kijana sifa ya kuwa mchungaji, na meli yenyewe huenda haifai. Lakini aliacha mlango wazi kidogo: akasema akipatikana mtu mmoja mwenye busara anayeiunga mkono safari hiyo, atakubali. Mtu huyo alikuwa mjomba wa Charles, Josiah Wedgwood. Mjomba alichukua hoja za baba moja baada ya nyingine, akazijibu kwa maandishi, kisha akafunga safari kwenda kuzungumza na shemeji yake uso kwa uso. Baba akalainika.

Kikwazo kingine kilikuwa nahodha mwenyewe. FitzRoy, aliyekuwa na umri wa miaka 26, aliamini kwamba tabia ya mtu inasomeka usoni. Alipoiona pua ya Darwin alitia shaka kama mwenye pua hiyo ana nguvu ya kuvumilia safari ndefu. Mwishowe akampokea.

Tarehe 27 Desemba 1831, baada ya dhoruba kuirudisha bandarini mara mbili, meli ya HMS Beagle iliondoka Plymouth. Ilikuwa na urefu wa meta 27 hivi, na ndani yake kulibanana watu zaidi ya 70. Darwin alilala kwenye kitanda cha kuning'inia juu ya meza ya kuchorea ramani, na ilibidi mtoto wa kabati atolewe ukutani ili miguu yake ipate nafasi. Safari ilipangwa kuchukua miaka miwili. Ilichukua karibu miaka mitano.

Mgonjwa wa bahari

Hapa ndipo wengi hushangaa. Mtu huyu ambaye jina lake limefungamana na safari ya baharini hakuwahi kuizoea bahari. Tangu siku za mwanzo alitapika, akashindwa kula, akawa analala chali akisubiri mawimbi yapungue. Mabaharia wengi hupona baada ya wiki chache. Yeye hakupona. Hata mwaka wa tano bahari ikichafuka alikuwa hoi.

Kila bandari ilikuwa na nafasi ya kushuka na kutafuta meli ya kumrudisha nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Mara nyingi alijipatia nafuu kwa kushuka nchi kavu na kusafiri kwa farasi kwa wiki kadhaa huku Beagle ikiendelea kupima pwani.

Pia alikosana na nahodha wake. Nchini Brazil, FitzRoy aliutetea utumwa, akaeleza jinsi tajiri mmoja alivyowauliza watumwa wake kama wanataka uhuru, nao wakajibu hapana. Darwin, ambaye familia yake ilipinga utumwa kwa vizazi viwili, aliuliza jibu hilo lina thamani gani likitolewa mbele ya bwana mwenyewe. FitzRoy alifoka na kumfukuza mezani. Saa chache baadaye akaomba radhi, wakaendelea kula pamoja.

Ardhi inayopanda na ardhi inayozama

Kabla ya kuondoka, FitzRoy alimpa Darwin kitabu cha mwanajiolojia Charles Lyell. Lyell alifundisha kwamba sura ya dunia hubadilika polepole, kwa nguvu zile zile tunazoziona leo. Kuhusu atoli, Lyell alikuwa na jibu lake: aliona kwamba pete ya matumbawe imeota juu ya ukingo wa kreta ya volkano iliyo chini ya maji. Pete juu, pete chini. Lilionekana jibu safi.

Darwin hakuridhika. Baadhi ya atoli zina upana wa makumi ya kilometa. Kreta gani ina ukubwa huo? Na inawezekanaje mamia ya volkano zikaacha vilele vyao vyote katika kina kile kile, chini kidogo ya uso wa maji?

Tarehe 20 Februari 1835 alikuwa amejipumzisha msituni karibu na Valdivia, Chile, ardhi ilipotikisika. Siku chache baadaye Beagle ilifika Concepción, na mji ulikuwa kifusi. Lakini kilichomshughulisha zaidi kilikuwa ufukweni. Katika kisiwa jirani cha Santa María, chaza waliokuwa wameshikamana na miamba ya majini sasa walikuwa wanaoza meta tatu hivi juu ya alama ya maji kujaa. Nchi ilikuwa imenyanyuka kwa siku moja.

Darwin akageuza wazo hilo upande wa pili. Kama sehemu moja ya dunia inapanda, huenda sehemu nyingine inashuka. Na je, kama inayoshuka ni sakafu ya bahari kuu, yenye visiwa vya volkano juu yake?

Jibu lake likawa hivi. Anza na kisiwa cha mlima wa volkano katika bahari ya joto. Matumbawe huota kukizunguka, yameshikamana na ufuko. Kisiwa kinaanza kuzama polepole sana. Matumbawe hayawezi kuishi kwenye kina kirefu, hivyo huendelea kujenga juu ya mifupa ya waliotangulia, wakiufuata mwanga. Mlima unapopungua, maji huingia kati yake na mwamba. Mwisho kilele cha mlima hupotea kabisa, na kinachobaki juu ni ile pete, kama kaburi lililojengewa baada ya mwenyewe kuzikwa.

Wazo hili alilipata akiwa bado pwani ya Amerika ya Kusini, kabla hajauona mwamba halisi wa matumbawe kwa macho yake. Novemba 1835 alipanda mlima Tahiti, akakitazama kisiwa jirani cha Moorea kikiwa kimezungukwa na mwamba wake kwa mbali, na katikati maji tulivu. Hatua ya pili ya hadithi yake ilikuwa mbele yake. Akaandika maelezo yake akiwa njiani kuelekea New Zealand. Kilichobaki kilikuwa kufika kwenye atoli yenyewe na kuona kama wazo linasimama au linaanguka.

Siku kumi na mbili Keeling

Beagle iliondoka kusini-magharibi mwa Australia tarehe 14 Machi 1836. Baada ya siku 18, tarehe 1 Aprili, mabaharia waliona mstari wa minazi ukichomoza majini. Walikuwa wamefika visiwa vya Keeling, ambavyo pia huitwa Cocos, kiasi cha kilometa 1,000 kusini-magharibi mwa Sumatra. Wakubwa wa jeshi la wanamaji walikuwa wamemwagiza FitzRoy achunguze kisiwa cha pete, na hiki kilikuwa chenyewe.

Darwin alitembea, alipiga makasia, aliingia majini hadi kiunoni. Ukingo wa nje, mawimbi yanakopasukia, ndiko matumbawe hai yanakojenga kwa nguvu zaidi, na ndiko hatari zaidi kufika. Kwa kutumia mti mrefu wa kurukia mashimo alifanikiwa kufika huko mara mbili tu. Alistaajabu kwamba viumbe laini, vidogo kuliko kucha, vinashinda wimbi ambalo lingesaga mwamba wa mawe.

Aliona mengi ambayo mtu wa pwani yetu angeyatambua. Alipasua pono akakuta tumbo limejaa unga wa chokaa, akaelewa kwamba samaki hao hutafuna matumbawe na kuyageuza mchanga. Alielezwa habari za kaa mkubwa wa nchi kavu anayechuna makumbi ya nazi kuanzia upande wenye macho, kisha akaigonga hadi ikafunguka. Kaa wa aina hiyo wapo hadi leo katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Alihesabu mimea ya porini akapata aina kama ishirini tu, akatambua kwamba karibu yote ililetwa na bahari ikiwa mbegu.

Aliona pia watu. Visiwa hivi havikuwa na wenyeji wa asili. Katika miaka ya 1820 Mwingereza Alexander Hare alileta huko Wamalay waliokuwa watumwa wake, kisha akaja Mskoti John Clunies-Ross na familia yake. Wengi wa watu wa Hare walimkimbia wakahamia upande wa Ross, na Hare mwishowe akaondoka. Darwin alipofika aliambiwa kwamba Wamalay hao ni watu huru. Kwa alivyoona yeye, uhuru huo ulikuwa wa jina zaidi kuliko wa maisha: walikamua mafuta ya nazi, mali pekee ya visiwa, chini ya bwana mwingine. Vizazi vyao vimeendelea kuishi hapo. Familia ya Clunies-Ross iliviuza visiwa kwa Australia mwaka 1978, na mwaka 1984 wakazi walipiga kura kujiunga na nchi hiyo.

Bildi yenye shahamu

Ushahidi mkubwa haukutoka nchi kavu. Ulitoka kwenye kamba. Mabaharia wa FitzRoy walishusha bildi pembezoni mwa mwamba, chini yake wamepaka shahamu ili ibebe alama ya kilichopo sakafuni. Hadi kina cha pima kumi hivi, bildi ilirudi safi, ina alama za matumbawe hai. Kadiri walivyokwenda chini mchanga uliongezeka na alama za matumbawe zikapungua, mpaka ukabaki mchanga mtupu.

Kisha FitzRoy akajaribu mbali kidogo. Kiasi cha kilometa mbili tu kutoka ufukoni alishusha kamba ya zaidi ya meta 2,100, na haikugusa chini.

Hesabu ikajifunga yenyewe. Matumbawe hujenga karibu na uso wa maji. Lakini kisiwa hiki ni mlima mrefu unaosimama kutoka kilindini. Kama kazi hujengwa juu tu, basi msingi uliwahi kuwa juu, ukashuka.

Tarehe 12 Aprili Beagle iling'oa nanga kuelekea Mauritius. Tarehe 2 Oktoba 1836 ilitia nanga Falmouth, Uingereza, usiku wa mvua. Darwin hakusafiri tena nje ya Uingereza maisha yake yote.

Alithibitika akiwa kaburini

Tarehe 31 Mei 1837 alisoma maelezo yake mbele ya Chama cha Jiolojia cha London. Lyell, ambaye nadharia yake ndiyo iliyokuwa inaangushwa, alikubali kushindwa kwa moyo mkunjufu na kuwa rafiki yake mkubwa. Kitabu kamili kuhusu miamba ya matumbawe kilitoka mwaka 1842, na ndani yake kulikuwa na ramani ya dunia yenye rangi. Pwani ya Afrika Mashariki aliipaka nyekundu, rangi ya miamba iliyoshikamana na nchi kavu.

Baba aliyetabiri aibu aliishi hadi 1848, akashuhudia mwanawe akiheshimiwa. Charles alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba yule yule, mwaka 1839, wakapata watoto kumi. Watatu walifariki wakiwa wadogo, akiwemo Annie aliyekufa mwaka 1851 akiwa na miaka kumi, pigo ambalo baba yake hakulisahau. Mwaka 1859 alitoa kitabu kuhusu asili ya viumbe, kilicholeta kelele ambazo hazijanyamaza hadi leo. Kwa kiasi fulani ni fikra ile ile ya matumbawe: mabadiliko madogo sana, yakipewa muda mrefu, hujenga kitu kikubwa.

Lakini matumbawe yenyewe hayakumwachia amani. Katika uzee wake wasomi wengine, kama John Murray aliyesafiri na meli ya Challenger, walisema kwamba visiwa havikuzama, bali matope ya baharini yalirundikana hadi yakafika juu. Darwin alijua njia moja tu ya kumaliza ubishi: kutoboa atoli hadi chini kabisa. Alitamani tajiri mmoja ajitolee kulipia. Alifariki tarehe 19 Aprili 1882 bila kuliona jibu, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Kuanzia 1896 hadi 1898 Waingereza walitoboa atoli ya Funafuti, katika nchi inayoitwa Tuvalu leo. Walishuka meta 340 hivi na bado walikuwa ndani ya chokaa ya matumbawe. Ubishi ukabaki. Mwaka 1952 Wamarekani walitoboa Enewetak, katika visiwa vya Marshall, walipokuwa wanajiandaa kujaribu bomu la haidrojeni. Baada ya zaidi ya meta 1,200 za chokaa, keekee ikagonga mwamba mweusi wa volkano. Mlima ulikuwepo. Miaka 70 ilikuwa imepita tangu Darwin afariki.

Si kila alichosema kimebaki kama kilivyo. Hakujua kwamba mabamba ya gamba la dunia husogea, wala jinsi enzi za barafu zilivyoshusha na kupandisha bahari, na wataalamu bado wanajadili mchango wa kila kimoja. Ila kiini cha wazo lake, mlima unaozama na matumbawe yanayopanda, kingali kinafundishwa.

Somo kwa sisi wa pwani

Nadharia ya Darwin ina sharti moja ambalo linatugusa moja kwa moja. Kisiwa huokoka iwapo tu matumbawe yako hai na yanajenga kwa kasi inayotosha. Yakifa, pete nayo huzama.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe, pamoja na ya pwani yetu, yaligeuka meupe na mengi yakafa. Ongeza baruti, ongeza makokoro yanayoburutwa juu ya mwamba, ongeza matumbawe hai yanayochomwa kutengeneza chokaa. Wakati huo huo kina cha bahari kinapanda.

Safari hii bahari ndiyo inayopanda, na mjenzi ni yule yule. Basi maji yakipwa wakati wa bamvua na ukatoka mwambani kutafuta pweza, angalia unapokanyaga. Kijana mmoja alivumilia miaka mitano ya kutapika ili kuelewa kazi inayofanyika hapo chini ya miguu yako.